Upofu wa kurithi kwa mbwa: Kipimo cha vinasaba chaweza kuuzuia kabla ya uzao

MBWA wa ulinzi hufanya kazi yake usiku. Kwa bahati mbaya, usiku ndio wakati wa kwanza ambao ugonjwa wa kurithi wa retina humnyang'anya uwezo wa kuona, miezi au hata miaka kabla mwenye nyumba hajagundua kwamba mlinzi wake anatembea kwa kunusa na kwa kukumbuka njia tu.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika ukanda wa pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam. Kuanzia Kunduchi, Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Kerege, Zinga na Bagamoyo mjini, makazi mapya yenye kuta na mageti yameongezeka, na nyuma ya mageti hayo wamo mbwa wa mbegu za kigeni kama German Shepherd, Rottweiler, Boerboel na Labrador.

Mbwa hao hununuliwa kwa bei kubwa kuliko mbwa wa kienyeji, na wamiliki wengi huwazalisha ili kuuza watoto wao. Pale ambapo idadi ya mbwa wa mbegu moja ni ndogo, ni rahisi dume mmoja kutumika kwa majike wengi, na ndugu wa ukoo mmoja kupandishana bila wenyewe kujua. Hapo ndipo kasoro iliyojificha katika damu hupata nafasi ya kujitokeza.

Kipimo cha vinasaba ndicho chombo kilichobadili hali hiyo katika nchi nyingi. Kwa sampuli ndogo ya mate au damu, maabara inaweza kumwambia mfugaji kama mbwa wake ana kasoro ya jeni inayosababisha upofu, hata kama mbwa huyo angali na umri wa wiki chache na macho yake ni mazima.

Namna retina inavyokufa

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ambao hupokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa zinazopelekwa kwenye ubongo. Utando huo una aina mbili za seli zinazopokea mwanga. Zile zenye umbo la fimbo hutumika katika mwanga hafifu, na zile zenye umbo la pia hutumika katika mwanga mkali na katika kutofautisha rangi.

Kundi la magonjwa linalojulikana na madaktari wa mifugo kwa kifupi cha PRA huziua seli hizo hatua kwa hatua. Katika aina zilizo nyingi, seli za fimbo hutangulia kufa, hivyo mbwa hupoteza uwezo wa kuona usiku. Baadaye hufuata zile za pia, na mwisho wake ni upofu kamili wa macho yote mawili.

Ugonjwa huo hauna maumivu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuchelewa kugunduliwa. Dalili za awali ni mbwa kusita kushuka ngazi wakati wa jioni, kukataa kuingia mahali penye giza, au kujigonga kwenye kitu kilichohamishwa. Mboni huwa pana kuliko kawaida, na macho yanapomulikwa kwa tochi hung'aa kupita kiasi, kwa kuwa tabaka la nyuma la jicho linalorudisha mwanga halifunikwi tena na retina nene.

Katika miji ya pwani, ambako wakazi wengi ni Waislamu na mate ya mbwa huhesabiwa kuwa najisi, mbwa hulala nje na hukaa mbali na watu. Ni vigumu kwa mwenye nyumba kuziona dalili hizo mapema, isipokuwa mlinzi wa usiku ana mazoea ya kumwangalia mbwa kwa makini.

Hadi sasa hakuna dawa ya kawaida inayorudisha retina iliyokufa kwa PRA. Aidha, aina iliyoenea zaidi, iitwayo prcd, mara nyingi huanza kuonekana mbwa anapokuwa na umri wa miaka mitatu hadi mitano. Kufikia wakati huo, dume huenda amekwishazaa watoto wengi, na watoto hao nao wamekwishauzwa.

Hesabu ya urithi

Aina nyingi za PRA hurithiwa kwa njia ya jeni fiche. Kila mbwa hupokea nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Akipata nakala moja yenye kasoro na moja nzima, haugui. Huyo huitwa mbebaji. Anayeugua ni yule aliyepata nakala zote mbili zenye kasoro.

Kwa msingi huo, wazazi wawili wenye macho mazima kabisa wanaweza kuzaa mtoto atakayepofuka, ikiwa wote ni wabebaji. Kila mtoto wao ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuugua, asilimia 50 wa kuwa mbebaji, na asilimia 25 wa kuwa safi. Katika uzao wa watoto wanane, wastani wake ni wawili kupofuka.

Mbebaji akipandishwa na mbwa aliye safi, hakuna mtoto atakayeugua, ingawa nusu yao kwa wastani watakuwa wabebaji. Mbwa mgonjwa akipandishwa na aliye safi, watoto wote watakuwa wabebaji lakini hakuna atakayepofuka kwa ugonjwa huo.

Hesabu hii ndiyo thamani yote ya kipimo. Jicho la daktari haliwezi kumtofautisha mbebaji na mbwa safi, kwa sababu macho yao yanafanana. Maabara peke yake ndiyo inayoweza.

Kipimo kinavyofanyika

Watanzania wengi wamelizoea neno vinasaba kutokana na kesi za ubaba zinazofika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Kanuni ya kisayansi kwa mbwa ni ile ile, tofauti ni swali linaloulizwa.

Daktari wa mifugo husugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mbwa, au huchukua damu kidogo kwenye chupa yenye dawa ya kuizuia isigande. Sampuli huandikwa namba ya utambulisho wa mbwa na kutumwa maabara, ambako vinasaba hutolewa, sehemu inayohusika hunakiliwa mara nyingi, kisha husomwa.

Majibu huwa ya namna tatu: safi, mbebaji, au mwenye nakala mbili zenye kasoro. Kwa kuwa vinasaba havibadiliki, kipimo cha kasoro moja hufanywa mara moja tu katika maisha ya mbwa.

Njia ya kawaida kwa mmiliki aliye Tanzania ni kutuma sampuli kwenye maabara za nje, zikiwamo za Ulaya, Marekani na Afrika Kusini. Kijiti kikikaushwa vizuri husafiri bila barafu, jambo ambalo ni nafuu katika joto la pwani.

Historia ya vipimo hivi si ndefu. Mwaka 1993 watafiti walitambua kasoro ya jeni iitwayo PDE6B inayowapofusha mbwa wa jamii ya Irish Setter. Mwaka 2005 ramani kamili ya vinasaba vya mbwa ilichapishwa, ikitokana na jike wa Boxer aitwaye Tasha. Ramani hiyo ilionyesha kwa kina jozi 39 za kromosomu za mbwa, ikilinganishwa na 23 za binadamu.

Mwaka uliofuata, 2006, ilitambulika kasoro ya herufi moja tu katika jeni ya PRCD, ambayo huwaathiri Labrador, Poodle, Cocker Spaniel na jamii nyingine nyingi. Watafiti hao walikuta kasoro hiyo hiyo kwa mgonjwa mmoja kutoka Bangladesh aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi wa retina.

Mbwa wa Kongo mwenye jina la pwani

Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki ni wa mbwa aitwaye Basenji, anayetoka katika misitu ya Kongo. Ni mbwa mdogo wa kuwinda, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine bali hutoa sauti inayokaribia kuimba.

Jina lake huhusishwa na neno la Kiswahili "washenzi". Katika karne ya 19 watu wa pwani walilitumia neno hilo la dharau kuwataja watu wa bara. Bagamoyo wakati huo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyopita Tabora na Ujiji hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Kiswahili kilisafiri pamoja na wapagazi na wafanyabiashara mpaka mashariki mwa Kongo. Katika lugha za huko kiambishi "wa" huwa "ba", na ndivyo mbwa wa vijijini alivyobaki na jina hilo.

Waingereza walijaribu kumpeleka mbwa huyo kwao mwaka 1895, lakini wale wa kwanza walikufa kwa ugonjwa wa virusi vya mbwa. Walifanikiwa katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 Basenji walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts mjini London. Tatizo ni kwamba ukoo wote wa Ulaya na Marekani ulitokana na mbwa wachache mno.

Matokeo yake yalionekana baada ya vizazi kadhaa. Basenji wa nchi hizo walianza kusumbuliwa na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi pamoja na PRA inayojitokeza ukubwani. Wafugaji wa Marekani walirudi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 American Kennel Club ilikubali kukifungua upya kitabu chake cha ukoo na kuwaandikisha mbwa 14 kutoka Afrika.

Vipimo vilifuata baadaye. Kipimo cha awali cha Fanconi kilipatikana mwaka 2007 na cha moja kwa moja mwaka 2011, vyote kutoka Chuo Kikuu cha Missouri. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kasoro katika jeni iitwayo SAG inayohusika na PRA ya Basenji: herufi moja iliyobadilika imefuta alama ya kikomo, hivyo protini inayotengenezwa huwa ndefu kuliko inavyotakiwa.

Mbwa wa kienyeji ana nafasi gani?

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Ulionyesha kwamba Basenji ana uhusiano wa karibu na mbwa wa asili wa Afrika, na kwamba mbwa hao wa vijijini wana wingi wa tofauti za vinasaba.

Wingi huo ni kinga ya aina fulani. Mbwa wa kienyeji hujipandia wenyewe na hukutana na wasio ndugu zao, hivyo uwezekano wa nakala mbili zenye kasoro ile ile kukutana ni mdogo.

Hata hivyo, kuchanganya mbegu hakufuti kasoro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima kasoro 152 kwa zaidi ya mbwa 100,000, ulibaini kwamba takriban mbwa wawili katika kila watano hubeba angalau kasoro moja. Mbwa chotara walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wabebaji wa magonjwa ya kawaida ya jeni fiche, lakini mbwa wa mbegu halisi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua.

Mbegu zinazouzwa na magonjwa yake

Kila mbegu ina kasoro zake, na kipimo cha mbegu moja huenda kisiwe na maana kwa nyingine. Kwa Labrador, kipimo cha kwanza kuulizia ni cha prcd.

German Shepherd ana ugonjwa ulio kinyume cha PRA. Kasoro ya jeni ya CNGA3, iliyotangazwa mwaka 2015, huzizima seli za pia. Mbwa huyo huona vizuri jioni lakini hubabaika katika jua kali, tatizo kubwa mahali penye mwanga kama ufukwe wa Bagamoyo. Mbegu hiyo pia huwa na ugonjwa unaofunika kioo cha jicho kwa utando mwekundu, ambao huzidishwa na mionzi ya jua. Huo una mwelekeo wa kurithiwa lakini hauna kipimo rahisi cha jeni moja, na hudhibitiwa kwa dawa za matone.

Jamii ya Mastiff, akiwamo Boerboel wa Afrika Kusini, huweza kuwa na kasoro ya jeni ya BEST1, iliyotambuliwa mwaka 2007, inayosababisha malengelenge kwenye retina. Jack Russell na ndugu zake huweza kuwa na kasoro ya jeni ya ADAMTS17, iliyotambuliwa mwaka 2010, ambayo huifanya lenzi ing'oke mahali pake. Huo una maumivu makali na ni wa dharura.

Si kila upofu ni wa kurithi

Kabla ya kulaumu ukoo, mmiliki wa mbwa katika ukanda huu ana sababu nyingine nyingi za kuchunguza, na nyingi kati yake hutibika zikiwahiwa.

Kupe wa mbwa hueneza ugonjwa wa ehrlichia, ambao huweza kusababisha damu kuvujia ndani ya jicho. Mbung'o, ambao wanapatikana katika maeneo ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani kaskazini mwa Bagamoyo, hueneza nagana, na dalili yake mojawapo kwa mbwa ni kioo cha jicho kuwa cheupe kama maziwa. Swila anayetema sumu huweza kuharibu jicho papo hapo, na huduma ya kwanza ni kuliosha kwa maji mengi safi na kumwahi daktari.

Mtoto wa jicho huweza kutokana na kisukari, uzee au urithi. Pia huweza kufuata PRA iliyokomaa, na hapo upasuaji wa kuondoa lenzi hausaidii kitu, kwa kuwa retina iliyo nyuma yake imekwishakufa. Kwa sababu hiyo retina huchunguzwa kwanza.

Vivyo hivyo, jibu la "safi" halimaanishi kwamba mbwa hatapofuka kamwe. Linamaanisha kwamba hana kasoro ile moja iliyopimwa. Kipimo cha vinasaba na uchunguzi wa macho wa kila mwaka kwa mbwa wanaozalishwa ni vitu viwili vinavyokamilishana.

Anayenunua aulize nini?

Mnunuzi wa mtoto wa mbwa anapaswa kuomba majibu ya vipimo vya baba na mama, si maneno ya muuzaji. Cheti kionyeshe jina la kasoro iliyopimwa, maabara, tarehe, na namba ya utambulisho ya mbwa, hasa ile ya chipu iliyowekwa chini ya ngozi.

Cheti cha ukoo, kama kile kinachotolewa na East Africa Kennel Club yenye makao yake Nairobi, huthibitisha wazazi na mababu. Si cheti cha afya ya macho. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ni ya lazima kwa usalama wa watu, lakini haisemi lolote kuhusu urithi.

Endapo mzazi mmoja amethibitishwa kuwa safi, watoto hawataugua ugonjwa huo, hata kama mzazi wa pili hajapimwa. Kwa mfugaji mwenye fedha kidogo, kumpima dume anayepandisha majike wengi ndiko kunakoleta manufaa makubwa kwa gharama ndogo.

Mbebaji hastahili kuuawa wala kuondolewa kabisa katika uzao. Mbwa wa mbegu za kigeni nchini bado ni wachache, na kuwatupa wabebaji wote ni kuupunguza ukoo na kukaribisha kasoro nyingine, kama historia ya Basenji inavyofundisha. Busara ni kumpandisha na aliye safi, kisha kuwapima watoto watakaobakizwa kwa ajili ya uzao.

Kutoka kwa mbwa hadi kwa binadamu

Utafiti huu umewanufaisha binadamu pia. Mwaka 2001 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba mbwa waliozaliwa na kasoro ya jeni ya RPE65, akiwamo mmoja aitwaye Lancelot, walipata kuona baada ya kudungwa nakala nzima ya jeni hiyo nyuma ya retina.

Mwezi Desemba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba kama hiyo kwa watu wenye kasoro ya RPE65, kwa jina la Luxturna. Bei yake ilipotangazwa mwaka 2018 ilikuwa dola 425,000 kwa jicho moja. Tiba hiyo ni ya jeni hiyo moja tu, na mbwa wengi wenye PRA wana kasoro nyingine.

Kwa mbwa aliyekwishapofuka, maisha yanaendelea. Pua na masikio yake bado ni makali, na akikaa katika uwanja anaoufahamu huishi bila taabu kubwa. Vyombo vya maji na chakula visihamishwe, mashimo na visima vifunikwe, na watu waseme kabla ya kumgusa ili asishtuke na kuuma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze bila kumtesa, na upofu haumwondolei mbwa haki hiyo.

Kazi ya lindo la usiku, hata hivyo, apewe mwingine, na mbwa huyo asizalishwe mpaka vinasaba vyake viwe vimepimwa.